Hodi kwa Mguu

Jumatatu, Julai 1, 2024

Nimefika Keko Magurumbasi saa 5 asubuhi, nikaingia ndani saa 6 kasorobo. Muda wote huo nilikuwa barazani. Nilibisha hodi kwa mdomo, nikagonga mlango kwa kiganja, nikagonga kwa sarafu, nikavua kiatu nikagonga kwa soli. Nilipiga simu. Niliisikia ikiita upande wa pili wa ukuta, hatua tatu kutoka nilipoketi, mpaka ikakata yenyewe. Baba alikuwa mle mle chumbani, anashona kifungo cha shati. Ana miaka 79, na hasikii.

Mtoto wa jirani, wa darasa la pili kwa makadirio yangu, alinitazama sana kabla ya kusema, "Shangazi, babu hagongewi. Anakanyagiwa." Akapanda barazani, akakanyaga sakafu kwa kisigino mara tatu. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Nilipaswa kukumbuka. Marehemu mama alibisha hodi hiyo ya mguu kwa miaka 30 na zaidi, na pale kizingitini saruji imeliwa, pana kishimo cha ukubwa wa kisahani. Nimekiruka nikiingia, kama nilivyokiruka kila siku nikirudi shule.

Kaka anayeishi na Baba amesafiri kikazi kwa wiki mbili. Nimechukua likizo nimshikie zamu.

Jumanne, Julai 2

Maharage yameungua. Nilimwachia Baba sufuria jikoni nikaenda sokoni Temeke, nikakuta majirani wawili wamesimama mlangoni na moshi unatoka dirishani. Baba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko, ameligeuzia mgongo. Kifuniko kilicheza, maji yakafoka, yakakauka, maharage yakaanza kupasuka. Hakusikia hata kimoja. Harufu aliisikia, lakini alidhani inatoka nje. Ukikaa Keko miaka 50 unazoea harufu zisizo zako. Upepo ukivuma kutoka Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ulituletea tumbaku kutoka kiwanda cha sigara, tamu kama zabibu kavu, na watoto tulivuta pumzi kwa raha bila kujua tunavuta nini.

Tulikula mkate na chai. Nikamsimulia habari za shifti ya usiku.

King'ora cha kiwanda cha nguo alikofanya kazi Baba kililia mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Nyumbani hatukuwa na saa ya ukutani na hatukuihitaji. Baba alikuwa mfumaji, naye alizunguka shifti zote tatu, wiki kwa wiki. Ikifika wiki ya usiku alirudi alfajiri na nywele nyeupe kwa vumbi la pamba, akaoga, akawa kijana tena, akalala mpaka mchana. Sisi watoto watano tulipigwa marufuku sauti. Rede haikuchezwa, kombolela haikuchezwa. Tulibaki na mdako na gololi, na hata gololi mama alitaka zichezwe kwenye mchanga ili zisigongane kwa kishindo. Nilijua kucheka bila sauti kabla sijajua kusoma.

Baba alisoma midomo yangu mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mlikuwa mnanong'ona kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, baba. Miaka yote."

"Sikuwahi kuamshwa na sauti. Niliamshwa na miguu, ardhi ilinipa habari. Kila mmoja nilimjua. Wewe ulikanyaga kwa kisigino, kama mama yako."

Sufuria nimeisugua kwa mchanga na jivu. Haijatakata.

Jumatano, Julai 3

Fundi bomba amekuja kutengeneza koki ya uani. Alibadilisha washa, akataka shilingi 8,000. Mkononi nilikuwa na 7,500. Nilimgeukia Baba nikamwambia, "Baba, mia tano."

Baba alimtazama fundi kwa muda, akachukua kofia na fimbo, akatoka. Alirudi baada ya robo saa na kapu la sokoni. Ndani yake mlikuwa na chupa tano za bia baridi. Akaziweka miguuni kwa fundi bila kusema neno, akaingia ndani. Baba hajaonja pombe tangu azaliwe, na huko dukani alilipa shilingi 10,000. Fundi alisema, "Ahsante, mzee," akaondoka nazo zote.

Kwa mtu anayesoma midomo, *m*, *b* na *p* ni herufi moja. Midomo inafumba, inafumbuka, basi. Mia ni bia. Pamba, iliyotulisha sote, ni mamba. Na maneno mawili ambayo kila mtoto huanza nayo, mama na baba, kwake ni neno moja.

Utotoni nikianguka nikamlilia mama, na Baba akawa karibu, alikuja Baba, kwa kuwa alijiona ameitwa. Aliniokota mara nyingi kuliko mama. Nilidhani ni kwa sababu ana miguu mirefu.

Mama alifariki mwaka 2011. Mimi ndiye niliyetoka hospitali na habari hiyo. Nilisimama mbele ya Baba nikasema, "Baba, mama..." nikashindwa kuendelea. Akaitikia mara mbili: "Naam. Naam."

Alhamisi, Julai 4

Umeme umekatika saa 1 na nusu usiku, Baba akiwa katikati ya habari za msimamizi wake wa kwanza. Yeye aliendelea. Nilimuuliza swali, hakujibu; nikauliza tena, kisha nikakumbuka kwamba haoni mdomo wangu. Simu ilikuwa na chaji kidogo mno, tochi ikawaka sekunde chache na kuzima. Tulikaa gizani, mmoja anasema na mwingine anasikiliza, mpaka naye akanyamaza.

Zamani kwetu taa ilikaa mbele ya anayesema. Tulikuwa na kibatari kimoja cha kopo. Katika nyumba nyingine taa huwekwa katikati ya mkeka au karibu na anayesoma. Kwetu ilihamishwa kutoka mdomo hadi mdomo. Mtoto mwenye neno la kumwambia Baba alisema kwanza, "Nipeni taa." Kesi za utundu zilisikilizwa taa ikiwa karibu kabisa, na siku ya kesi ya embe za jirani nyusi yangu ya kushoto iliungua. Iliota upya, ikiwa nyembamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta ya taa yaliadimika, kama sukari na sabuni. Mama aliamka usiku wa manane kwenda kupanga foleni, na mara nyingi alirudi na kopo tupu. Ninakumbuka wiki moja ya shifti ya mchana, Baba anatoka sisi tukiwa shule na kurudi saa 4 usiku, na nyumbani hakuna tone la mafuta. Wiki nzima hatukuzungumza naye hata neno moja. Aliingia, akapapasa vichwa vyetu gizani akituhesabu, akalala.

Umeme umerudi saa 5. Baba alikuwa ameshalala.

Ijumaa, Julai 5

Nimeng'oa jino kwenye zahanati ya mtaa wa pili. Nimerudi shavu limevimba na midomo imekufa ganzi. Nikamsalimia Baba, akasema, "Unatafuna maneno." Nikarudia. "Sema vizuri, mwanangu, sikupati." Nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa. Akaniambia miwani imevunjika mkono jana na iko kwa fundi.

Kwa hiyo mchana wote Baba amezungumza na mimi nimesikiliza. Haijawahi kutokea kwa muda mrefu hivyo, na sikujutia jino.

Alinisimulia alivyojifunza kusoma. Aliingia kiwandani mwaka 1966, kijana wa miaka 21, akiweka dole gumba badala ya sahihi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, darasa lilifunguliwa kwenye ukumbi wa chakula wa kiwanda. Walikaa baada ya shifti, masikio bado yanavuma. Mwalimu akisoma imla wafumaji walimtazama mdomo, kama walivyozoea kutazamana mle ndani. Akisema *pamba*, nusu ya darasa iliandika *mamba*, wengine *bamba*. Mwalimu alidhani hawataki shule. Baadaye alikaribishwa kuingia chumba cha kufumia, akakaa dakika kumi, akatoka ameziba masikio. Kuanzia siku hiyo aliandika maneno ya *m*, *b* na *p* ubaoni kwanza.

Baba anasoma polepole mpaka leo, na akisoma midomo yake inacheza. Utotoni nilikuwa nakaa mbele yake akisoma gazeti la *Uhuru*, nikilisoma kutoka kwenye midomo yake.

Jumamosi, Julai 6

Kanzu nyeupe ya Baba imekuwa ya waridi. Niliiloweka pamoja na khanga nyekundu ya mama iliyokuwa chini ya sanduku. Khanga ile ina umri wa miaka 35 hivi na rangi yake bado inatoka. Nimesuuza mara nne. Baba ameitazama ikiwa kambani, akasema ataivaa kesho hivyo hivyo.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na mtaro wazi uliobeba maji ya rangi kutoka idara ya kuchapa. Sisi watoto tulijua khanga ijayo ina rangi gani kabla haijafika dukani: mtaro ukiwa wa zambarau, khanga ni ya zambarau. Nikiwa darasa la tatu nilidondosha shati langu la shule mle, nikaliokota haraka, lakini lilikuwa limeshapata buluu mpauko upande mmoja. Nguo madukani hazikupatikana. Watoto wa mfumaji tulivaa viraka, kwa kuwa nguo zilizofumwa kiwandani zilikwenda kugawiwa mikoani. Nililivaa shati lile mpaka darasa la tano. Kila Jumatatu kwenye ukaguzi nilitolewa mstarini, nikaeleza, nikarudishwa.

Khanga za mama nimezitoa zote sandukuni leo. Ni doti kumi na moja. Kila moja ina mstari mwembamba unaokatiza nguo kutoka upande hadi upande, mwingine kwenye pindo, mwingine katikati ya mji, mwingine umepita juu ya jina. Ukiiinua khanga kwenye mwanga unauona. Mashine ya kufuma ikisimama ghafla na kuwashwa tena, uzi wa mshindio hauingii sawa na wenzake, na alama hubaki. Nguo zenye alama hizo wafanyakazi waliuziwa kwa bei nafuu. Baba aliweza kushika khanga dukani au mgongoni mwa mtu, akapitisha kidole, akasema, "Hapa umeme ulikatika."

Sanduku la mama ni daftari la umeme kukatika Dar es Salaam. Nimelipanga lote upya na kuweka karafuu.

Jumapili, Julai 7

Sabasaba. Baba alitaka kwenda kwenye maonyesho, viwanja vya Barabara ya Kilwa, nikamvalisha kanzu ya waridi, tukapanda daladala. Utotoni alitupeleka kila mwaka. Sikukuu yenyewe ni ya kuzaliwa kwa chama cha TANU, Julai 7, 1954, lakini kwetu ilikuwa siku ya kuona viwanda vyote vimesimama mahali pamoja vikiwa safi, bila mtaro na bila moshi. Baba alitushika mikono mpaka kwenye banda la kiwanda chake, akatuonyesha doti zilizoning'inizwa. Alitafuta mstari. Akiupata alituambia, "Hii yangu," ingawa wenye banda walikuwa wamechagua zisizo na kasoro na ilimchukua muda mrefu kuupata.

Leo nimempoteza saa 7 mchana. Nilisimama kununua maji, nikageuka, hayupo. Kila banda lina spika zake na kila spika ina wimbo wake. Niliita mpaka koo likakauka na sikujisikia mwenyewe. Nilikwenda kwenye meza ya matangazo. Kijana wa pale alikuwa mwema, akachukua kipaza sauti akaniuliza, "Mzee anaitwa nani tumtangaze?" Nikamwambia hasikii. Akakiweka chini. Tulitazamana.

Nilimpata baada ya dakika 40, kwa sababu ya rangi ya kanzu. Alikuwa amesimama kando ya njia karibu na mabanda ya nguo. Ng'ambo ya njia, hatua kama 20, alisimama mzee mwingine mwenye mkongojo. Kati yao watu walipita kwa mamia. Wazee wale walikuwa wanazungumza. Midomo inafunguka wazi, sauti haitoki, vidole vinaongeza kidogo pale neno lilipo gumu. Baba alikuwa anacheka.

Nilidhani ni mwenzake wa zamani. Kumbe hawakuwahi kuonana. Yule mzee alikuwa mfumaji wa Urafiki, Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1968. Nilimuuliza Baba, "Umemjuaje?" Akasema, "Alikuwa anawatazama watu midomoni." Mashine zao zilitengenezwa nchi tofauti, wakubwa wao walikuwa tofauti, lakini lugha ile ya chumba cha kufumia kila kiwanda kiliizaa chenyewe na ikatoka moja, kwa sababu kelele ni moja. Waliulizana mashine ngapi kila mmoja alisimamia. Baba alisema 16. Waliulizana watoto. Waliulizana nani amebaki.

Mzee alinitazama shavu lililovimba, akamwambia Baba kitu bila sauti. Nilikisoma vizuri kabisa: "Binti yako anaumwa jino."

Hawakuagana kwa mkono. Njia ilikuwa imejaa, wakaagana pale pale walipo.

Jumatatu, Julai 8

Funguo za mlango wa uani zimepotea asubuhi. Zimepatikana jioni ndani ya friji, kwenye bakuli la ndimu. Miwani imerudi kutoka kwa fundi na mkono wa rangi nyingine.

Jumanne, Julai 9

Baba alitaka kuona kiwanda. Tulitembea kwa miguu kando ya Barabara ya Nyerere katika vumbi la ujenzi wa njia ya mwendokasi. Alipumzika mara mbili. Majengo yapo, paa la meno ya msumeno lipo, lakini sasa ni maghala ya bidhaa zilizotoka bandarini.

Getini Baba alimsalimu mlinzi. Sauti ya Baba ni ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mlinzi alirudi nyuma hatua moja, akamwita mwenzake. Mwenzake akaja na rungu. Baba, kwa kuona wanasogeza midomo kwa haraka, aliongeza sauti ili waelewane. Nikaingia kati. Ilichukua dakika kumi kuwaeleza kwamba mzee hagombi. Anaomba tu kutazama.

Mimi mwenyewe niliishi na kosa hilo mpaka nilipofikisha miaka tisa. Niliamini Baba ana hasira. Aliomba chumvi kwa sauti ya ugomvi, akasifu daftari langu kwa sauti ya ugomvi. Nasi tulisema kwa sauti ile ile, na shuleni mwalimu wa kike aliwahi kuniita pembeni kuniuliza kama nyumbani tunapigwa. Siku moja mama alinituma getini na chakula cha Baba, king'ora cha saa 8 kikalia, mlango ukafunguka, wakatoka wanaume mamia kwa pamoja, weupe kwa pamba, na wote walizungumza kama Baba. Wamekumbatiana mabega, wanafokeana, wanacheka. Nilisimama pale na bakuli mkononi. Kuanzia jioni hiyo sikumwogopa tena.

Mlinzi alitufungulia geti kiasi cha kuchungulia. Baba aliingiza kichwa, akanusa. Kisha akaweka kiganja kwenye ukuta wa nje wa chumba cha kufumia, pale ambapo zamani ukuta ulitetemeka na sisi watoto tulibandika migongo ili tutekenywe. Alikaa hivyo muda.

"Umelala," akasema.

Ulilazwa polepole. Katikati ya miaka ya 1980 fedha za kigeni hazikuwapo, vipuri vikakosekana. Mashine moja ikifa ilifunguliwa ili nyingine ziishi. Umeme na maji vikawa vya kubahatisha. Nguo za nje na mitumba zikaruhusiwa, na shati la mtumba likawa rahisi kuliko pamba yetu kabla haijashonwa. Miaka ya 1990 serikali ilipoanza kuuza mashirika yake, viwanda vya nguo vya Mwatex, Mwanza, na Mutex, Musoma, navyo vilikuwa vimesimama au vinasimama. Baba alipunguzwa mwaka 1993 baada ya miaka 27. Kiinua mgongo chake ni bati za nyumba hii na cherehani ya mama. Khanga zinazouzwa leo barabarani Keko nyingi zimechapwa India.

Kurudi tulipanda bajaji. Dereva alimwomba Baba asipige kelele.

Alhamisi, Julai 11

Nimempeleka Baba kupimwa masikio. Tulifika saa 1 asubuhi, tukapewa namba 34. Kwenye ukumbi wa kusubiri wagonjwa wa masikio, namba zinaitwa kwa kipaza sauti. Nilikwenda msalani. Niliporudi walikuwa 37. Baba alikuwa ameketi palepale, amekaza macho kwenye mlango wa daktari, akisubiri mtu atokee na mdomo. Mbele yake mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa tangu saa 12, namba 9. Tulirudishwa mwisho wa foleni sote watatu. Tuliingia saa 9 alasiri.

Mpimaji alikuwa mpole na alisema huku akimtazama Baba usoni, jambo ambalo nimelishukuru. Alituonyesha mchoro. Mstari unaanza juu, unashuka, na karibu na hezi 4,000 unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Akasema hiyo ndiyo alama ya masikio yaliyoharibiwa na kelele. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Kipimo kinachokubalika ni desibeli 85 kwa saa 8, na chumba cha mashine za kufuma za zamani hupita 95. Ndani ya mashine kile chombo cha mti chenye ncha za chuma kinachobeba uzi hupigwa kutoka upande hadi upande karibu mara 200 kwa dakika. Baba alisimamia mashine 16, na chumba kilikuwa na mamia.

"Mliziba masikio kwa kitu gani?" mpimaji aliuliza.

"Kwa pamba. Tuliokota sakafuni."

Mpimaji akasema pamba huzuia kidogo sana.

Kaka alimnunulia kifaa cha kusikia miaka mitatu iliyopita na kipo kwenye droo. Baba anasema kinamletea kelele bila maneno. Mpimaji amethibitisha: kifaa kinakuza sauti, hakirudishi herufi zilizokufa. Nilikuwa nimemlaumu Baba kwa ukaidi. Nimemwomba radhi ndani ya bajaji, amesema hakuona nilichosema.

Katika miaka ile 27 hakuna aliyempima masikio hata mara moja. Mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine aliandikwa kwenye kitabu cha ajali. Aliyepoteza sauti ya mkewe hakuandikwa popote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, miaka 22 baada ya Baba kutoka getini. Ninaandika hapa kwa sababu haikuandikwa kule: lilikuwa jeraha la kazini, na walilipata maelfu.

Jumamosi, Julai 13

Kaka anarudi kesho. Nimenunua taa ya kuchaji, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili uliangusha lipu ya ukubwa wa sahani. Wa tatu ulishika, nikatundika taa juu ya kiti cha Baba, tukazima swichi kuijaribu. Ilimwangaza yeye vizuri sana. Mimi nilikuwa gizani. Baba akanyoosha kidole ukuta wa pili, nikang'oa na kuanza upya.

Sasa iko juu ya kiti cha plastiki cha buluu, kulia ukiingia. Tumeijaribu tena. Nilimwambia, "Baba, mama angeipenda," nikigusa khanga ya mama niliyojifunga nilipotamka neno la pili. Akasema, "Angeipenda."

Ukipita Keko, njoo umsalimu. Kanyaga mara tatu, ukae kwenye kiti cha buluu.